Kiolezo cha shati la Roblox si picha ya shati

Mtu akibuni shati la avata, yaani mhusika anayemwakilisha mchezaji, katika Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, likatoka na mishono iliyopinda au mikono myeupe kama ya bandia, malalamiko huwa yaleyale: "kiolezo kimeharibika". Kwa kawaida kiolezo ni kizima, na kilichoharibika ni kitu kingine ambacho watu wamezoea kukiita kwa jina hilohilo. Kiolezo ni faili tupu yenye upana wa pikseli (vinukta vya picha) 585 na kimo cha pikseli 559, iliyogawanywa katika mistatili ambayo kila mmoja umekwisha kupangiwa upande mmoja wa mwili wa avata. Ukishachora rangi, vifungo na kola juu yake, ulichonacho si kiolezo tena bali ni picha ya shati.

Kuoleza ni kufuatisha mfano, na fundi cherehani anayekata kitambaa kwa kufuata kiolezo cha karatasi hatarajii mteja aivae karatasi ile. Haki itendeke, lakini, kwa maana mkanganyiko huu haukuanzishwa na vijana wanaochora mashati. Katika Roblox Studio, programu ya kuundia michezo hiyo, sehemu inayopokea picha iliyokamilika ya shati imeitwa ShirtTemplate, na ya suruali imeitwa PantsTemplate, yaani waundaji wenyewe wamekipa kitu kilichokwisha kushonwa jina la karatasi ya fundi. Anayejifunza humo atawezaje kutofautisha?

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu programu haitazami mchoro wako ili itambue kola iko wapi. Inachojua ni mahali tu. Katika mwili wa zamani wa R6, ambao una vipande 6, kiwiliwili na kila mkono ni boksi, na kiolezo ni maboksi hayo yaliyokunjuliwa na kulazwa bapa. Kifua kina mraba wa pikseli 128 kwa 128, mbavu za kila upande zina 64 kwa 128, na mgongo umewekwa mwisho kabisa upande wa kulia. Chini kuna mikono miwili, mkono wa kulia wa avata ukiwa kushoto kwako, kwa kuwa avata amekuelekea. Anayesahau jambo hilo hujikuta ameweka nembo ya bega la kulia kwenye bega la kushoto, kisha akadhani mchezo umemgeuzia kazi. Nyuso za mbele za mikono yote miwili zimekaa katikati, zikiwa jirani, na ndiyo maana mstari unaozunguka mkono haufuatani kwa mpangilio uleule kulia na kushoto. Mwili mpya wa R15, wenye vipande 15, hutumia kiolezo hikihiki, ila picha hunyooshwa kufuata umbo la mwili.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni la vipimo, na halitibiki kwa njia ambayo wengi huitumia. Mtu hupiga picha ya skrini ya kiolezo kwenye simu, akaikata kwa macho, akachora, kisha akapakia na kuambiwa kwamba vipimo si sahihi. Hapo huivuta picha mpaka itimie 585 kwa 559, nayo hukubaliwa, naye huamini ametatua tatizo, kumbe amelificha. Faili sasa ina ukubwa unaotakiwa, lakini kila mstatili umesogea kidogo kutoka mahali pake, basi rangi ya mbavu huingia kifuani na ukanda wa kiunoni haukutani na mwenzake wa mgongoni. Hakuna usahihishaji wa rangi utakaoponya shati hilo. Dawa ni kupakua kiolezo halisi, kukiweka kama tabaka la chini katika programu ya kuchorea, kuchora kwenye tabaka la juu, na kulificha la chini kabla ya kuhifadhi. Kati ya mstatili na mstatili wa kiungo kimoja mna nafasi ya pikseli 2, na ni vizuri rangi ivuke mpaka kidogo ili mistari myembamba isijitokeze kwenye mishono.

Mikono myeupe ina chanzo tofauti. Sehemu ya picha isiyo na rangi yoyote huiacha ngozi ya avata ionekane, na hivyo ndivyo shati la mikono mifupi linavyopatikana. Faili ya PNG huweza kuhifadhi utupu huo, ilhali JPEG, aina nyingine ya faili ya picha, haiwezi na huujaza rangi, aghalabu nyeupe. Kwetu watu hutumiana picha kwa WhatsApp, ambayo ikitumiwa njia ya kawaida ya kutuma picha huibana na kuigeuza kuwa JPEG. Shati lililoondoka likiwa la mikono mifupi hufika likiwa na glavu. Lingetumwa kama dokumenti, lingefika salama.

Kuna pia wanaopakia picha nzima ya shati kwenye nafasi ya tisheti. Tisheti katika Roblox ni picha moja ya mraba inayobandikwa kifuani, haizunguki mwili wala haihitaji kiolezo, kwa hiyo matokeo yake ni avata aliyebeba mchoro wote kifuani, mikono na mgongo ikiwa imetandazwa kama ngozi iliyoanikwa. Nazo nguo za 3D zinazovaliwa kwa tabaka juu ya mwili zina umbo lao na ramani yao, na 585 kwa 559 haiwahusu hata kidogo.

Kwa hiyo anayekuja kuomba msaada akisema kiolezo chake kimekataa, tumwulize bila kumcheka kama anazungumzia faili tupu aliyoipakua, picha aliyoichora juu yake, au tisheti. Tukishajua ni kipi, atufungulie faili yenyewe, kwa kuwa picha ya skrini ya faili hiyo itakuwa imekwisha kupoteza vipimo tunavyotaka kuvikagua.