Paka kulegea miguu ya nyuma: maana yake nini, na unaishi naye vipi chanzo kikiwa hakijaonekana

Paka akianza kuvuta miguu ya nyuma mtaa mzima unakuwa na jibu. Jirani wa kwanza anasema kapooza, wa pili anasema kapigwa na wenye samaki, wa tatu anashusha sauti anakwambia huyo kapita mahali sio pake, kakanyaga kitu, mwache tu. Unampeleka kwa daktari wa mifugo, anampapasa, anasema chanzo hakijajulikana, ndo unachanganyikiwa kabisa. Sasa tuelewane: kulegea miguu ya nyuma sio jina la ugonjwa, ni dalili inayokuja na magonjwa mengi tu, na ile "haijulikani" mara nyingi maana yake ni kwamba haijaonekana bado, siku hiyo, kwa vipimo vilivyokuwepo. Wataalamu wana neno lao, idiopatiki, wanalitumia pale ambapo wameshatafuta sana na hawajapata kitu. Paka wengi wa huku kwetu wanaoambiwa hivyo hata mkojo haujapimwa.

Yenyewe inagawanyika hivi. Paka ambaye miguu yote miwili ya nyuma bado inasogea ila haina nguvu, anainuka anakaa, anainuka anakaa, huyo ana paraparesisi. Ambaye haisogei kabisa, anajivuta kwa miguu ya mbele na kiuno kinaburuzwa sakafuni, hiyo ni paraplejia, ndo kupooza kwenyewe. Halafu kuna ataksia, hapo nguvu anazo lakini mwili haujui miguu iko wapi, anayumba, anapishanisha miguu, akigeuka haraka anadondoka. Na kuna wa nne ambaye neva zake ziko poa kabisa, anaumwa tu, nyonga au goti au mgongo, kwahiyo anagoma kutembea. Ukiwaita wote wanne "kapooza" umeshamficha daktari nusu ya habari.

Chukulia boda imegoma pale Igoma stendi, hapa Mwanza, inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa cheni, na fundi mzuri hakimbilii kubadilisha cheni kabla hajafungua tenki. Kwa paka mafuta ni damu na vilivyomo ndani yake, waya ni uti wa mgongo na neva, cheni ni mifupa, viungo na misuli. Tuanze na mafuta maana hapo ndo pana dharura.

Kuna tatizo la damu kuganda ndani ya moyo, halafu lile bonge linasafiri na mshipa mkuu hadi pale unapogawanyika kwenda miguu miwili ya nyuma, linakwama hapo. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa moyo, hasa ule wa misuli ya moyo kunenepa, na paka anaweza kuishi nao miaka bila wewe kuona chochote, anakula, anacheza, kumbe. Inatokea ghafla, dakika tu, asubuhi alikuwa dirishani, mchana analia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia na miguu imekufa. Mshike nyayo: za nyuma ni za baridi kuliko za mbele, zile sehemu laini zimepauka au zimekuwa na rangi ya bluu, na ukiweka vidole ndani ya paja huisikii mapigo. Hii sio ya kusubiri jumatatu. Usimkande na maji moto, usimchue, mfunge kwenye kikapu uende. Wengi hawaponi, nasema ukweli, ila wapo wanaopona na miguu inarudi taratibu ndani ya wiki kadhaa, na daktari anaweza kuwaanzishia klopidogreli ili damu isigande tena.

Paka akiwa hana maumivu makali na nyayo ni za joto, sawa, una nafasi ya kupumua na kufikiri.

Upande wa majeraha Mwanza hatuna shida ya kupata mifano. Paka anayeishi karibu na Mwaloni Kirumba au popote dagaa wanaanikwa atapigwa tu siku moja, fimbo ya kiuno, jiwe, na boda nazo hazimsubiri mtu. Nyumba za mlimani kama Mabatini na Igogo zimekaa juu ya mawe, paka anaruka kutoka jiwe hadi bati na siku nyingine anakosea. Nyonga ikivunjika anaonekana kapooza kumbe kavunjika, na nyingi za hizo zinaunga zenyewe akifungiwa mahali padogo wiki nne mpaka sita, bila hata operesheni, ikiwa mfupa haujakaa vibaya. Kuna jeraha jingine watu hawalijui, la mkia kuvutwa kwa nguvu, mtoto kauvuta au tairi limeukanyaga paka akiwa anakimbia. Mkia unaning'inia kabisa hauchezi, na neva zilizovutika hapo ndo hizo hizo zinaongoza kibofu, kwahiyo paka anatembea vibaya na anajikojolea. Ukiona mkia umekufa, swali la kwanza liwe mkojo.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kitu ambacho sisi wa ziwani tunakisahau, tunajua paka na samaki ni ndugu basi tumemaliza. Paka wa ugali na mchuzi anakosa torini. Hii ni kitu iliyomo kwenye nyama na samaki, mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Paul Pion walionyesha kwamba ikikosekana moyo wa paka unatanuka na kuchoka, na moyo mchovu nao unaweza kuleta mabonge ya damu niliyosema juu. Torini inayeyuka kwenye maji, kwahiyo ukichemsha dagaa mpe na supu yake usiimwage. Ila supu isiwe na kitunguu, kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu za paka na paka mwenye upungufu wa damu naye analegea.

Halafu kuna samaki wabichi. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, paka akiwala wabichi kila siku anaanza kuyumba, shingo inainama kidevu kinagusa kifua, baadaye degedege. Kupika kunaua hicho kimeng'enya, ni hivyo tu, pika. Na wale wanaokula mapanki, yale mabaki ya sangara akishatolewa minofu, na mafuta ya sangara peke yake muda mrefu, hasa yakiwa yameanza kuchacha, wanaishiwa vitamini E, mafuta ya mwili wao yanavimba, yanauma, ukimgusa tu mgongoni anakung'ata, mtu anasema kapooza kumbe kila hatua inamuuma. Mtoto wa paka anayepewa nyama ya steki tupu, yaani yule wa kudekezwa, anakosa kalsiamu na mifupa inakuwa laini hadi inavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Kwa maoni yangu paka wa dagaa wazima waliopikwa, wale na mifupa yao midogo, ana afadhali kuliko paka wa minofu. Akichanganyiwa na kichwa cha kuku, maini kidogo sio kila siku, anaenda vizuri.

Kwa paka mkubwa mkubwa angalia anavyosimama. Kama anatembea na kisigino kimegusa chini, sio kwa vidole kama paka wa kawaida, na anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda huku anakula, fikiria kisukari, kinaharibu neva za miguu ya nyuma. Kipimo chake cha mwanzo ni sukari kwenye damu na kwenye mkojo, sio kitu cha ajabu. Sukari ikidhibitiwa wengi wanainuka tena, ingawa inachukua muda. Figo zikichoka potasiamu inashuka, misuli yote inalegea na kichwa hakiinuki. Na uzee nao upo, viungo vinasagika, paka wazee wengi wana hilo, haanguki lakini haruki tena mezani na anashuka kwa kujifikiria. Uvimbe kwenye uti wa mgongo, virusi, vimelea, vyote vipo pia, ila bila vipimo vya maabara huwezi kuvikisia.

Sumu: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jamani. Mtu ana viroboto ndani anachukua ile dawa ya kupe anampaka paka, na nyingi ya hizo zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, anatetemeka, anayumba, analegea, na asubuhi kafa. Hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini ni hatari kwake. Kama imetokea leo, muogeshe na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kisha uende.

Na kichaa cha mbwa, hiki kisipotajwa nitakuwa nimefanya mzaha. Paka anakipata pia, na kuna aina ambayo haimfanyi awe mkali, inampoozesha tu, mara nyingine ikianzia nyuma kuja mbele, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanatoka. Kama hajachanjwa na aliwahi kuumwa na mbwa au mnyama asiyejulikana, usimshike mikono mitupu, usimfungue mdomo uangalie kama kuna mfupa umekwama. Akikung'ata au kukukwaruza osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ueleze. Mnyama mwenye dalili za kichaa kwa kawaida anakufa ndani ya siku kumi hivi, kwahiyo paka aliyelegea mwezi mzima na bado anakula dagaa wake, hiyo sio kichaa.

Kabla ya kumuona daktari kuna mambo unaweza kuangalia mwenyewe, na yatasaidia kuliko maelezo ya "ameamka hivi". Mrekodi video akitembea, maana kule kliniki ataganda chini ya meza hataki kusogea. Msimamishe, shika unyayo wa nyuma uukunje uguse chini kwa mgongo wake, paka mzima anaurudisha palepale, akiuacha vile vile basi taarifa haifiki kwenye ubongo. Mbonyeze kidole cha mguu kwa nguvu kidogo: kuvuta mguu peke yake haitoshi, huo ni uti wa mgongo unajibu wenyewe bila ubongo kujua, unachotaka ni ageuke akuangalie, alie, akasirike. Paka anayesikia maumivu ndani ya vidole ana matumaini makubwa kuliko asiyesikia. Andika ilianza ghafla au taratibu, mguu mmoja au yote, anakula nini, anakojoa lini. Ukiambiwa sampuli zinahitajika, Mwanza tuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, kwahiyo muulize daktari wako kama kuna kinachoweza kupelekwa huko kabla hujafikiria safari ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Dawa za binadamu usiguse. Parasetamo kidonge kimoja cha mg 500 kinatosha kuua paka mzima mwenye afya, diklofenaki na ibuprofeni zinamaliza figo na tumbo. Najua inauma kumuona analia, lakini hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Kuishi naye sasa wakati bado mnatafuta. Mfungie kwenye boksi kubwa au kona ya chumba, sio nyumba nzima, na sakafu ya tailizi au simenti laini itandikie gunia au kapeti kuukuu ashike kucha. Sinia la mchanga liwe na ukuta mfupi, ukingo mmoja ukate aingie bila kuruka. Chakula na maji karibu na mdomo. Kama halali upande mwingine mwenyewe, mgeuze kila baada ya saa chache, maana vidonda vya kulalia vinaanza kimya kimya kwenye nyonga. Nyoosha na kunja miguu yake polepole mara kadhaa kwa siku, lakini sio kama unashuku mfupa umevunjika au damu imeganda.

Kubwa kuliko yote ni kibofu. Paka asipokojoa saa 24 ni dharura, hata kama anaonekana ametulia. Papasa tumbo la chini mbele ya miguu ya nyuma, ukikuta kitu cha mviringo kimejaa na kigumu, ndo kibofu hicho, mkojo hautoki. Kukikamua kunawezekana, na ni kazi ya mara mbili tatu kwa siku, ila uonyeshwe na daktari kwa mikono yako kwanza kwa sababu ukibonyeza vibaya kinapasuka. Na kuvuja mkojo sio kukojoa, kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho kinavuja. Mfute, mkaushe, nywele za kule nyuma zipunguze, kwa joto la huku nzi wanataga kwenye manyoya yenye mkojo na mabuu wanaingia kwenye ngozi haraka kuliko unavyodhani.

Ukifika mwezi hasikii chochote kwenye vidole, anajinyea, vidonda vinarudi, zungumza na daktari kuhusu kumlaza moja kwa moja, yaani afe bila maumivu, na asikutokee mtu akakwambia huna huruma. Lakini kama anasikia, anakula, na kila wiki kuna kitu kidogo kimeongezeka, mkia umecheza, kasimama sekunde mbili akidokoa, endelea naye, mwongezee eneo kidogo kidogo, chumba kwanza halafu sebule. Nje kwenye mawe asubiri mpaka aweze kupanda kitanda na kushuka mwenyewe bila kuyumba.