Taa za ziada kwenye pikapu: zifungwe wapi?

Kabla ya kununua taa, amua kwanza unataka kuona nini. Anayekwenda kasi usiku kwenye barabara tupu anahitaji mwanga mwembamba unaofika mbali. Anayepita njia za kona na vichaka anahitaji mwanga mpana wa karibu, na anayepakia mzigo gizani anahitaji mwanga nyuma. Mahali pa kufunga taa panategemea jibu hilo.

Wengi hukimbilia paa la kebini, na kwa kweli bar ndefu ya LED pale juu inapendeza. Kasoro yake ni boneti. Mwanga wa paani huimwagikia, nayo, hasa ikiwa nyeupe, huurudisha machoni mwa dereva. Jicho likishazoea mng'ao huo wa karibu, giza la mbele linazidi kuwa zito, na dereva anaona pungufu kuliko kabla ya kuongeza taa. Kwenye vumbi, ukungu au mvua ni mbaya zaidi: taa iko karibu na usawa wa macho, kwa hiyo chembe zilizo mbele yako zinakurudishia mwanga moja kwa moja, na unajikuta unatazama ukuta mweupe. Ukiamua kufunga paani licha ya hayo, irudishe bar nyuma kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele, ili paa lenyewe liikinge boneti. Usitoboe mara moja. Ishikize kwa muda kwenye keria, iwashe usiku gari likiwa limesimama, kisha ukae kwenye kiti cha dereva uone. Tundu kwenye paa lisilozibwa vizuri kwa silikoni na pete ya mpira huvujisha maji na kuanzisha kutu. Tena nchi kadhaa haziruhusu taa za paani ziwashwe kwenye barabara za umma, basi soma sheria ya kwako mapema.

Kwa safari nyingi, bampa au ngao ya chuma iliyo mbele yake ndiyo mahali bora. Taa ikiwa chini, kila jiwe na kila shimo hutupa kivuli kirefu, na kivuli hicho ndicho kinachokuonya. Mwanga wa juu huifanya njia ionekane tambarare. Lakini usizibe njia ya hewa ya rejeta, namba ya gari, wala sensa. Magari mengi ya karibuni yana rada nyuma ya grili, na taa ikikaa mbele yake, breki za dharura zinazojifunga zenyewe zinaweza kukataa kazi. Kama unavuka mito, chagua taa yenye alama ya IP67 (haipitishi vumbi, na inastahimili kuzama kwa muda mfupi kwenye maji ya kina cha hadi mita 1), na uizime dakika chache kabla ya kuingia majini: taa ya moto ikipoozwa ghafla, hewa ya ndani hunywea na kufyonza maji kupitia mpira wake.

Taa ndogo za pembeni mwa boneti, karibu na bawaba zake, zinafaa kwa kona tu. Zigeuzie nje kidogo, la sivyo zitamulika boneti kama zile za paani.

Ya nyuma ifungwe juu ya bodi, ielekezwe chini kwenye mzigo, iwe na swichi yake na kitaa cha kukukumbusha ndani ya kebini. Ukiisahau, anayekufuata hatakuona wewe wala barabara.

Umeme hauna mjadala: pitisha kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa wa taa ili swichi ndogo ya kebini isiubebe. Taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta takriban ampea 9. Weka fyuzi ya 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Bar ya wati 180 inavuta ampea 15. Fyuzi ya 20, waya wa milimita 4 za mraba. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ukichubuka kabla ya kuifikia, hakuna kitakachozuia moto. Kwenye rilei, pini 30 hupokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 huenda kwenye taa, 86 hutoka kwenye swichi na 85 huenda kwenye chuma cha gari (upande hasi), mahali palipokwanguliwa rangi.

Kulenga kunasahauliwa sana, na pikapu ina tatizo lake: ukipakia, nyuma inashuka na pua inainuka. Nyuzi 1 tu ya kuinuka hupandisha mwanga karibu sentimita 90 ukifika mita 50, yaani machoni mwa anayekuja. Kwa hiyo lenga ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, kwenye sakafu sawa, pima kimo cha katikati ya taa, weka alama ya utepe ukutani kwa kimo hicho, kisha ushushe kitovu cha mwanga sentimita 5 hadi 10 chini yake. Tumia nati zenye pete ya nailoni ndani, na baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu zikaze upya.