Bia ya nyumbani: utajuaje imemaliza kuchachuka?

Kwa nini hili ni suala la afya, si la ladha tu?

Kwa sababu ya chupa. Hamira hula sukari ya kimea na kutoa kileo pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Kwenye ndoo, gesi ina pa kutokea. Ukiifungia bia kwenye chupa ya kioo kabla hamira haijamaliza kazi, gesi huendelea kuzaliwa na shinikizo hupanda hadi chupa ipasuke. Vipande vya kioo hurukia mikono na uso, na jicho linaweza kupofuka. Wengi huhofia zaidi sumu. Mimi naona chupa ndiyo ya kuhofiwa kwanza.

Kwani haina sumu ya methanoli?

Nafaka iliyochachuliwa kwa hamira hutoa methanoli kidogo mno. Maafa tunayoyasikia hutokana hasa na pombe kali iliyochanganywa na spiriti za viwandani. Bia iliyoota ukungu, hata hivyo, imwage.

Viputo kwenye kijibomba cha maji juu ya kifuniko, gesi inapotokea, vimekoma. Si ndiyo imekwisha?

Si lazima. Viputo hukoma pia kifuniko kikivuja, au baridi ikiingia na hamira ikapoa. Kinyume chake, joto likipanda, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia hutoka hata kama kazi ilishakwisha. Povu kushuka na bia kuanza kung'aa ni dalili nzuri, ila bado ni dalili. Siku nazo hazitoshi: kwenye nyuzijoto 18 hadi 22 bia nyingi humaliza ndani ya wiki moja au mbili, nyingine huchelewa.

Basi nipime kwa nini?

Haidromita, kile kijiti cha kioo chenye namba kinachoelea. Kwenye maji matupu husoma 1.000. Sukari hufanya kimiminika kiwe kizito, kijiti kikaelea juu zaidi: kabla ya kutia hamira unaweza kusoma 1.050, na mwishoni 1.010 hivi. Usiing'ang'anie 1.010, maana mwisho hutegemea kimea na aina ya hamira. Unachotafuta ni namba isiyosogea. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu. Ikiwa ni ile ile, na iko karibu na ile iliyotajwa kwenye maelekezo ya bia yako, imemaliza.

Chota kwa chombo kilichotiwa dawa ya kuua vijidudu. Zungusha kijiti kiachie viputo vinavyokiinua, kwa kuwa hivyo hudanganya sana. Soma bia ikiwa na joto lililoandikwa kwenye kijiti, mara nyingi nyuzi 20. Ulichochota usikirudishe ndooni.

Kipimo hicho hukupa pia kiwango cha kileo. Toa namba ya mwisho kutoka ya kwanza, zidisha kwa 131: 0.040 hutoa asilimia 5.2 hivi. Asiyepima hajui anakunywa kileo kiasi gani, wala anamnywesha mgeni wake kiasi gani.

Namba imekwama 1.025. Nijaze tu?

Usijaze. Sogeza ndoo penye joto kidogo, itikise polepole hamira iliyotuama iinuke, usubiri siku chache. Isiposhuka, ongeza hamira mpya yenye nguvu.

Na sukari ya kuleta povu kwenye chupa?

Ipime kwa mizani, maana ikizidi, gesi nayo huzidi. Gramu 6 hadi 8 kwa lita hutosha bia nyingi. Tumia chupa nene zilizotengenezwa kwa vinywaji vyenye gesi.

Nimeshajaza, na chupa moja imepasuka. Nifanyeje?

Waondoe watoto chumbani. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu nene na nguo ya mikono mirefu kabla ya kusogea, kwani nyingine zinaweza kufuata. Usizitikise. Zifunike kwa taulo nzito, zihamishie taratibu kwenye friji: baridi hushusha shinikizo na kuipunguza kasi hamira. Zikishapoa kabisa, fungua moja moja chini ya taulo, uso ukiwa mbali.