Kwa nini namwambia kijana wa Malimbe aende Nairobi kwanza

Wiki iliyopita kijana anayemaliza chuo pale Malimbe, hapa Mwanza, aliniuliza: kama kazi ya kompyuta siku hizi inafanyika popote, akapange chumba cha bei kubwa Nairobi ili iweje? Mimi mwenyewe naandika programu za kampuni ya Uingereza nikiwa nyumbani, Nyegezi, ziwa nikiliona dirishani, kwa hiyo alitegemea nimwambie abaki. Nilimwambia aende, kisha arudi.

Tazama mwalo wa Kirumba, pale samaki na dagaa wanaposhushwa na kuuzwa. Bei ya dagaa inajulikana kwa simu, na pesa inatumwa kwa simu. Hata hivyo wanunuzi kutoka Kongo bado wanafunga safari hadi Mwaloni, kwa sababu dagaa wa mchangani na dagaa wa kwenye chanja humjui mpaka umshike. Na anayeingia kwenye biashara hiyo hujifunza akiwa amekaa pembeni ya mjuzi.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliona jambo hili mwaka 1890: wenye ufundi mmoja wakikaa jirani, siri za kazi yao huwa kama zimo hewani, hata watoto wakazinasa. Ndivyo Silicon Valley, lile bonde la kampuni za kompyuta kule California, ilivyokua. Mwaka 1957 wahandisi wanane walimwacha bosi wao, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka tena wakaanzisha Intel. Walibadilisha kampuni, hawakuhama bonde, na ujuzi ukabaki palepale.

Mimi niliipata hewa hiyo Nairobi, Barabara ya Ngong, miaka michache baada ya iHub, ukumbi wa pamoja wa watu wa teknolojia, kufunguliwa mwaka 2010. Siku moja mhandisi wa meza ya jirani alikuwa akimweleza mwenzake, wala si mimi, kwa nini wateja wanakatwa pesa mara mbili. Programu inatuma malipo, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, programu inadhani yameshindikana, inatuma tena. Dawa yake ni kuliwekea kila agizo la malipo namba ya pekee kabla halijaondoka, ili likifika mara ya pili lijulikane kuwa ni lilelile. Sikuwa nimeuliza. Nisingejua hata kwamba ni la kuuliza! Ndicho ambacho mkutano wa video haukupi: ukishajibiwa swali lako, kioo kinazimwa.

Corona ilipoingia mwaka 2020, Twitter iliwaambia wafanyakazi wake wanaweza kubaki nyumbani moja kwa moja, na wengi tukadhani miji hii imekwisha. Lakini mwaka 2023 hata Zoom, kampuni ya mikutano ya video, ilianza kuwaita wanaokaa karibu na ofisi zake, na Januari 2025 Amazon ikarudisha siku tano za ofisini. Kwa ninavyoona, kazi ya mbali imemfungulia mlango aliyekwisha kuiva. Anayeanza bado yuko nje.

Hata kwa aliyeiva, ramani haijafutika. Saa tatu asubuhi ya London ni saa tano au saa sita mchana hapa, kutegemea majira yao, na siku ya kazi inapangika. Saa tatu asubuhi ya California ni saa moja au saa mbili usiku wetu. Familia itakuona kwa nadra. Halafu kuna nyaya. Mkongo wa taifa unaofika Mwanza unategemea mikongo ya baharini, na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilipokatika EASSy na SEACOM, mtandao uliyumba Afrika Mashariki nzima, jiji kubwa na mji mdogo pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba waliorudi Mwanza tupo, ila kila mmoja yuko kwake: huyu Capri Point, yule Buswelu, mimi Nyegezi. Ujuzi tunao, mwalo wa kuushushia hatuna. Nimewaomba wawili watatu tuwe tunakutana kila Jumamosi kwangu, kila mtu na kompyuta yake. Yule kijana naye atakuja kabla hajapanda basi.