Daktari wa magonjwa ya akili anapouliza leo ni siku gani, anapima nini?

Ndugu wengi wanaomleta mgonjwa kliniki ya magonjwa ya akili hushangaa mtu mzima akiulizwa leo ni siku gani, au akiambiwa atoe saba kwenye mia. Wengine huona amedharauliwa. Wengine humjibia haraka ili kumwondolea aibu. Naomba tuelewane hapa: sonona na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) hazionekani kwenye damu wala eksirei. Mazungumzo yale ndiyo kipimo, na anayemjibia mgonjwa anakiharibu bila kujua.

Kipimo huanza mgonjwa anapoingia mlangoni. Amevaaje? Anajikokota, au hatulii kitini? Macho yanamfuata nani pembeni, ambaye sisi hatumwoni? Akianza kusema, tunasikiliza maneno na pia mwendo wa maneno. Mwenye mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi, haachi nafasi ya kupumua. Yuko kwenye habari za shamba, mara yuko Ikulu. Mwenye sonona kali anaweza kukaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kutaja hata jina lake. Akisema "mimi mzima tu" huku machozi yanamtoka, tunaandika yote mawili, alichosema na tulichokiona.

Kuna swali moja ambalo wazazi hutukatiza tunapoliuliza: je, umewahi kuwaza kujiua, na umefikiria utumie njia gani? "Daktari, usimfundishe!" Nawaelewa, ila kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huonekana kutua mzigo wakishapata wa kumwambia. Na akitaja njia, basi nyumbani kuna dawa ya kuulia wadudu au kamba ya kuondolewa leo hii.

Mtu akisema anasikia sauti au ametupiwa jini, hatumwandikii ugonjwa papo hapo. Mjane anaweza kumsikia marehemu mumewe akimwita siku za msiba na akawa mzima kabisa. Hapa ndipo tunapowahitaji ndugu: kwenu watu huamini hivi? Wakisema hata wao wanaoamini majini hawajawahi kusikia la namna hii, hiyo ni taarifa nzito kwetu. Tunamuuliza na mgonjwa mwenyewe anadhani nini kinamsumbua, maana asiyejiona mgonjwa ni vigumu kumeza dawa.

Sasa turudi kwenye mia kutoa saba. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa: tunachotazama ni kama ataweza kuishika kazi akilini bila kupotea njiani. Aliyekosa shule hatumpimi kwa hesabu hiyo. Kipimo cha alama 30 kilichotolewa Marekani mwaka 1975, ambacho bado kinatumika sana duniani, kinamtaka mtu asome na kuandika sentensi. Bibi ambaye hakusoma atapoteza alama kwa kukosa shule, si kwa kupotewa na kumbukumbu. Kwa hiyo tunamuuliza chenji: umetoa elfu kumi, umenunua sukari ya elfu tatu, utarudishiwa ngapi? Au ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Tunampa pia maneno matatu, tuseme embe, meza na mto, tuyaulize baada ya dakika chache.

Majibu ya sehemu hii yanaweza kuokoa maisha. Mtu aliyekuwa sawa juzi, leo hajui yuko wapi, asubuhi anaongea vizuri na usiku anawafukuza wadudu ukutani, huenda ugonjwa wake uko mwilini: malaria kali, sukari iliyoshuka, maambukizi, au pombe iliyokatishwa ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku. Huyo asipelekwe kuombewa kwanza, wala asisubiri siku ya kliniki yetu. Mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo, na mweleze lini alianza kubadilika, anatumia dawa gani, na mara ya mwisho alikunywa pombe lini.