Kimondo cha Mbozi na siku sita za Mwanzo

Dhana: "Umri wa dunia hupimwa kwa kaboni, na kaboni hukosea."

Hakuna anayepima umri wa dunia kwa kaboni. Kaboni 14, aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole, hupungua nusu kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi inayobaki ni kidogo mno kupimika. Tena hupima kilichowahi kuwa hai: mkaa, mbao, mfupa. Zana za mawe za Isimila, Iringa, zinazokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000, haizifikii. Kukosea nako kupo, na sababu yake inajulikana. Rungwe, kuzunguka Mlima Kyejo, ardhi hutoa hewa ukaa ya volkano isiyo na kaboni 14. Mmea ulioivuta unaweza kusomeka wa kale ilhali umeota msimu huu. Ndiyo maana mpimaji makini huuliza kwanza sampuli imetoka wapi.

Miamba hupimwa kwa urani, madini yenye mnururisho ambayo hugeuka risasi (metali ya "lead") polepole: urani 238 hubaki nusu baada ya miaka bilioni 4.47. Mwaka 1956 mwanakemia Clair Patterson alilinganisha risasi iliyomo katika vimondo, vipande vilivyoanguka kutoka angani, vingine vya chuma kama kile cha Mbozi, mkoani Songwe, akapata umri wa dunia: miaka bilioni 4.55.

Dhana: "Biblia inasema dunia ina miaka 6,000."

Hakuna aya hiyo. Askofu James Ussher wa Ireland ndiye aliyejumlisha vizazi na miaka ya wafalme, na mwaka 1650 akachapisha jibu lake: 4004 kabla ya Kristo.

Dhana: "Kusema siku zile si za saa 24 ni kumpigia Darwin magoti."

Augustino, Mwafrika wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alishalijadili suala hili. Chukua karatasi uigawe safu mbili. Kushoto andika siku ya 1 hadi ya 3: nuru; anga na maji; nchi kavu na mimea. Kulia, ya 4 hadi ya 6: mianga, ndege na samaki, wanyama na mtu. Kila mahali pamepata wakazi wake, na jua linakuja siku ya nne, baada ya siku tatu kupita. Kisha soma Mwanzo 2:7, 2:9 na 2:19: hapo mtu anatangulia miti na wanyama. Anayeishika sura ya kwanza kama ratiba ya saa atakwama hapo, na sisi tunaamini mwandishi hakukosea; hakuwa anaandika ratiba.

Kosa la upande wa pili ni kulisoma "Iwe nuru" kama habari ya mlipuko mkuu (Big Bang), nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza kupanuka. Padri Georges Lemaître, aliyeiasisi nadharia hiyo, hakutaka itumike kuthibitisha Mwanzo.