"Sehemu ya watu wazima tu": maana yake katika sheria ya maktaba ya Idaho

Kitabu kilichohamishiwa sehemu ya watu wazima hakijapigwa marufuku. Bado ni mali ya maktaba, bado kimo kwenye katalogi, na mtu mzima anakiazima kama kawaida. Kilichobadilika ni rafu na nani anaruhusiwa kuifikia. Ndivyo inavyotaka sheria ya HB 710 ya jimbo la Idaho, Marekani, iliyosainiwa na Gavana Brad Little Aprili 2024 na kuanza kutumika Julai 1 mwaka huo.

Mzazi, mlezi au mtoto mwenyewe anaiandikia maktaba ya umma au shule akiomba kitabu fulani kihamishwe kwa kuwa "kina madhara kwa watoto", yaani wenye umri chini ya miaka 18. Maktaba ina siku 60. Zikipita bila kitabu kuhamishwa, mlalamikaji anaweza kwenda mahakamani na kudai dola 250, fidia ya hasara halisi, na amri ya mahakama ya kuzuia kitabu kisiwafikie watoto. Muswada wa mwaka 2023, ambao Little aliukataa, ulitaka dola 2,500. Hata hivyo, kwa maktaba ndogo dola 250 si tatizo. Tatizo ni kumlipa wakili.

Ugumu unaanzia kwenye fasili. Sheria za Idaho zinautaja ushoga ndani ya orodha ya "matendo ya ngono", na kipimo cha kinachochukiza ni viwango vya jamii, ambavyo havijaandikwa popote. Kwa hiyo hadithi yenye wahusika wawili wa jinsia moja wanaopendana inaweza kulalamikiwa bila kuwa na ukurasa hata mmoja wa ngono. Wala mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, haumsaidii mkutubi: mwelekeo wa kijinsia upo 306.76, afya ya uzazi 613.9, na riwaya zimepangwa kwa jina la mwandishi. Hakuna rafu moja ya kufungia.

Kuhamisha kitabu si kukibeba tu. Lazima ubadilishe lebo ya mgongoni, mahali panapoonyeshwa kwenye katalogi, na masharti ya kadi ya mtoto, kwa kila nakala. Ukisahau katalogi, mtoto atakiagiza na kukikuta kwenye rafu ya vitabu vilivyowekewa wasomaji, akichukue bila kukanyaga sehemu ya watu wazima.

Halafu kuna suala la nafasi. Maktaba ya mji mdogo wa Donnelly ina ukubwa wa mita za mraba 95 hivi, na hapana pa kutenga sehemu ya watu wazima. Ikaamua maktaba nzima iwe ya watu wazima: aliye chini ya miaka 18 haingii bila mzazi au fomu ya ridhaa. Februari 2025 iliungana na Penguin Random House na wachapishaji wengine kuwashtaki maafisa wa Idaho ili kuipinga sheria hiyo.